Njia Iliyopita Kwenye Mihogo Yetu

Nyumbani, Jumatatu ya Pasaka

Mpendwa Baba Rhobi,

Nimekaa mlangoni, kwenye kile kiti ulichokifunga mguu kwa waya ukasema utakitengeneza vizuri baada ya mavuno. Bado kina waya. Mvua imeanza tangu alfajiri na ng'ombe wamo zizini wanalalamika. Unajua kila jioni naandika shajara: tarehe juu, hali ya hewa, kisha mambo ya siku. Ulizoea kunicheka, ukiwaambia wageni kwamba mkeo huandika hata mbuzi akikohoa. Ya Ijumaa Kuu niliyaandika pia, lakini nilipoyasoma jana niliona hayajatulia. Shajara haina wa kuambiwa. Haya ni ya kukwambia wewe.

Nianze mbali kidogo, maana nimekuwa nikiyakumbuka kwa mpangilio.

Nakumbuka Jumapili ile Padre alipotutangazia kwamba kilima chetu kitakuwa mahali pa hija, na kwamba Njia ya Msalaba itapanda kutoka kanisani chini mpaka kwenye jiwe kubwa kileleni. Vituo kumi na vinne, kila kigango cha parokia kijenge kimoja. Wewe, kwa kuwa ni fundi mwashi, ukapewa kusimamia kazi yote. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga haraka, kwa sababu nilisikia Padre akisoma majina ya vigango, na kimoja kilikuwa cha ng'ambo ya mto, kwetu nilikozaliwa.

Tangu vurugu za malisho, hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amevuka mto kuja huku. Ninyi mlipoteza ng'ombe. Kaka yangu Marwa alibaki na kovu la mshale begani. Serikali ikaja, wazee wakakaa, vita vikaisha, lakini njia haikufunguka. Mimi niliyeolewa huku nilikuwa nakutana na mama yangu mnadani au mtoni tu, kila mmoja na ndoo yake, tukiulizana habari kama wanawake waliopishana kwa bahati. Hukuwahi kunikataza kwenda. Wala hukuwahi kuniuliza kwa nini nikirudi kutoka mtoni nilikuwa kimya. Ulikuwa unachukua ndoo kichwani kwangu, basi.

Siku ya kura walikuja. Wanaume wachache wa ng'ambo, Marwa mbele, wakasimama karibu na mlango wa kanisa kana kwamba wanangoja kufukuzwa. Padre aliweka karatasi kwenye kofia yake. Marwa akachukua ya kwao, akaifungua, akasoma kituo cha tano, Simoni Mkirene anamsaidia Yesu kuchukua msalaba.

"Sisi tumepewa yule aliyelazimishwa," akasema.

Kaka yako Chacha akamjibu kutoka nyuma, "Si ndiyo kazi yenu, kubeba vya watu?"

Nilishika kitambaa changu nikasubiri. Hata Padre alisimama na kofia mkononi. Marwa akaikunja ile karatasi taratibu, akaitia mfukoni.

"Tunabeba, mzee," akasema. "Ila hiki cha leo hakina mkia."

Wewe ndiye uliyecheka wa kwanza. Ulicheka kile kicheko chako cha kukohoa, kisha watu wote wakacheka, na Chacha naye akageuza uso ili asionekane. Mpaka leo naamini usingecheka wewe, kazi ingeishia pale mlangoni.

Nakushukuru kwa kicheko kile.

Halafu ukaja wakati wa mawe. Nadhani hukuwahi kufurahi maishani kama miezi ile. Ulipanda kilimani na kamba yako ya mkonge, ukapigilia vigingi pale kila kituo kitakapokaa, na kila kigango kikapewa siku yake ya kufanya kazi. Tulifanya kwa risaga, kama tunavyolimiana mashamba, mwenye kazi halipi ila analisha watu. Mwenye kazi safari hii alikuwa Mungu, na Mungu hapiki, kwa hiyo tulipika sisi. Nilikoroga obosara mpaka mikono ikanuka uji wa wimbi hata kanisani.

Miamba mlikuwa mnaichoma. Kuni zinarundikwa juu ya jiwe tangu asubuhi, moto unakula, jiwe linakuwa jeupe, halafu unatuita sisi wenye ndoo. "Mwageni sasa, pamoja," unasema. Tunamwaga, mvuke unapanda, tunarudi nyuma, na wote tunanyamaza tukisikiliza. Jiwe likipasuka lilikuwa linatoa sauti kama mtu aliyekanyaga tawi kavu. Ulikuwa ukisema limelia. Lisipolia, ulilipapasa kama mgonjwa ukasema, "Huyu bado ana kiburi, tutamrudia kesho."

Siku ya watu wa ng'ambo nilipeleka maji kama siku nyingine zote. Walikuwa wanajenga kibanda cha kituo chao upande wa mteremko unaoshuka mtoni, pale ardhi ya kanisa inapopakana na shamba letu la mihogo, nyuma ya ua wetu wa mkonge. Hawakuwa na pima maji. Marwa alikuwa anakadiria kwa jicho. Ukashuka, ukamtazama, ukatoa pima maji lako kwenye mfuko. Lile lile ambalo Chacha aliwahi kuliomba ukamwambia mke na pima maji haviazimwi.

"Shika, shemeji," ukasema. "Simoni asije akamwangukia Bwana."

Jioni Marwa alilirudisha limefutwa, limeviringishwa kwenye shati lake mwenyewe. Aliondoka kifua wazi, kovu lake likionekana, akavuka mto hivyo hivyo. Uliliangalia lile shati muda mrefu. Halafu ukaniambia nilifue.

Kosa hakuna aliyeliona. Wala sijui kama ni haki kuliita kosa. Kila kigango kilikuja siku yake, kikajenga kwenye kigingi chake, na kwa kuwa hakuna aliyewaambia uso wa kibanda utazame wapi, kila watu walijenga kama wanavyojenga nyumbani. Kwetu nyumba hutazama zizi. Mwenye nyumba akifungua mlango asubuhi, lazima aone ng'ombe wake. Basi wa juu walielekeza kibanda kwao juu, wa magharibi kwao magharibi, na wa ng'ambo wakaelekeza Simoni wao mtoni, ng'ambo, kwenye mazizi yao. Wewe ulikuwa unapima kama kuta zimesimama sawa. Zilikuwa zimesimama sawa kweli.

Aliyegundua ni Mwalimu Haule, yule wa sekondari aliyehamishiwa huku kutoka Songea, ambaye wanakwaya humpenda kwa sababu hasikii Kikurya na hivyo hawezi kujua wanamsema nini. Picha za saruji zilikuwa zimeshawekwa, zimepakwa rangi. Jumamosi moja akawapandisha wanakwaya kwa mazoezi, sisi wengine tukafuata. Tulianza vizuri. Kufika kituo cha pili tukapiga magoti, tukainua macho, mbele yetu ukuta mtupu. Cha tatu kilitutazama vizuri. Cha nne ukuta. Cha tano ukuta. Watu wakaanza kuzunguka vibanda wakichungulia.

Mwalimu Haule akavua kofia. "Padre, samahani," akasema, "hivi huku kwenu watu wanasali nyuma ya nyumba?"

Wengine walicheka. Padre hakucheka. Alikuwa amechoka, na askofu alikuwa anakuja kubariki muda si mrefu. Akasema vile vilivyogeuka vibomolewe, vijengwe upya vikitazama njia. Kila kigango kikaanza kusema kwa nini chake ndicho kimekaa sawa. Lakini Marwa hakubishana. Alikuwa ameshika shina la muhogo kwenye mpaka wetu.

"Bomoeni, Padre," akasema. "Sisi hatuna neno. Tulivuka mto mara moja tukajenga. Kuvuka mara ya pili kuja kubomoa, hapana. Mtatusamehe."

Akaaga watu kwa heshima zote, shikamoo kwa wazee mmoja mmoja, wakateremka. Niliwatazama mpaka maji yakawafika magotini. Niliona wazi, kama mtu anavyoona mvua inakuja, kwamba kibanda kile kikianguka mimi sitakuwa na kwetu tena. Nitabaki na ndoo na mnada.

Sikukwambia lolote. Niliingia jikoni. Ila ulimwomba Padre akupe siku mbili tatu, asiguse jiwe.

Ulizitumia kutembea. Ulipanda na kushuka na kamba na vigingi, na watu wakasema fundi amechanganyikiwa. Chacha alikuja akakuuliza unatafuta nini. "Natafuta ng'ombe angepita wapi," ukamjibu. Na kweli njia uliyoichora ilikuwa njia ya ng'ombe. Haikupanda moja kwa moja tena. Ilikwenda huku, ikarudi, ikazunguka jiwe, ikapita nyuma ya kibanda na kujitokeza mbele yake, hivi kwamba mtu anayetembea alikutana na kila kituo uso kwa uso. Hakuna jiwe lililobomolewa. Padre alipotembezwa na wewe mara ya kwanza alisimama katikati akasema kwamba kumbe ukisali kituo cha pili unaona kijiji cha waliokijenga, na cha nne hivyo hivyo. Ukamwambia, "Ndiyo, Padre. Na wao wanakuona."

Kilibaki cha tano. Mbele ya Simoni hapakuwa na ardhi ya kanisa. Palikuwa na mihogo yetu.

Ndugu zako walikuja wote. Chacha hakukaa hata kwenye kiti.

"Mwita, nisikilize," alisema. "Njia itoke mtoni, ipite kwenye shamba lako, ifike kwenye ua wako. Watu gani wanatoka mtoni? Unawachorea ramani mpaka zizini?"

"Naijua hofu yako, kaka."

"Si hofu. Ni hesabu. Ng'ombe wa marehemu baba walitoka kwa mlango gani?"

"Huo huo."

"Na wewe unaupanua."

"Naupanua," ulisema. Halafu ukanyamaza, na kwa kuwa wewe ukinyamaza hakuna wa kukutoa hapo, waliondoka mmoja mmoja.

Kesho yake ulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na Padre, na kipande kile cha shamba, kuanzia kibanda cha tano mpaka kwenye ua wetu wa mkonge, kikaandikwa kuwa mali ya parokia. Tuling'oa mihogo pamoja, mimi na wewe. Ilikuwa bado midogo. Nilikuuliza kwa nini umetoa mpaka kwenye ua, wakati njia ingetosha upana wa mtu na msalaba wake. Ulikuwa umeinama. Ukasema, "Mihogo itaota kwingine." Nikafikiri umefanya kwa ajili ya kaka zangu, na hata hilo peke yake lilinitosha.

Baadaye nikakuona unapanga mawe mbele ya Simoni. Benchi fupi, pana, lenye mgongo. Padre naye aliliona, akakuuliza mbona vituo vingine havina benchi. Ulimwambia mawe yalibaki.

Siku ya baraka, watu wa ng'ambo walivuka mto wote, na nyimbo. Hilo lilikuwa la kwanza kunipa machozi. La pili lilikuwa mama yangu. Alikuwa katikati ya wanawake, amevaa kitenge cha kanisa, na walipofika kituo cha tano wenzake waliingia pale penye nafasi mbele ya Simoni, yeye akasimama pembeni, nje. Nilielewa. Kwetu mama hafiki tu kwa mkwewe. Haketi uani pake, hali chakula nyumbani kwake, wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Na yeye aliona ua wetu uko karibu, aliona mlango wa nyumba yangu, akajua shamba lile ni lako. Heshima ilimsimamisha pale. Miguu ilikuwa imemvimba kwa mwendo.

Wewe ulikuwa mbali, upande wa pili, umempa mgongo kama inavyotakiwa. Bila kugeuka ulimwita Marwa. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Shemeji, mwambie Mama hapo alipo si kwangu tena. Ni pa Kanisa, mpaka kwenye mkonge. Benchi lile ni lake. Akae."

Marwa alikutazama. Kisha akaenda akamnong'oneza. Mama akaangalia ardhi ile, akaangalia benchi, akafunika mdomo kwa kitenge. Halafu akapiga hatua akakaa. Nami nikapita kwenye pengo la ua na kibuyu cha obosara, nikampa mama yangu uji mkononi, hatua chache kutoka jikoni kwangu, na hakuna desturi iliyovunjwa. Askofu alikuwa anasali. Sikusikia hata neno moja.

Tangu siku ile aliweza kuja. Kila Ijumaa ya Kwaresima, na siku nyingine ambazo hazikuwa Kwaresima hata kidogo. Anasema anakwenda kusali. Anakaa kwenye benchi, natoka na uji, tunamenya karanga, tunasengenya kidogo mbele ya Simoni. Rhobi alimjua bibi yake pale. Wewe ukirudi kutoka kazini na kumwona kwa mbali, ulizunguka kwa njia ya juu ili asilazimike kuinuka. Sikuwahi kukushukuru kwa maneno. Niliogopa nikisema utaona aibu, utakwenda kupima ukuta.

Hujui siku ya mazishi yako ilivyokuwa, kwa hiyo nikusimulie. Ule ugonjwa wa figo ulikuchukua haraka, na habari ilivuka mto kabla yangu. Asubuhi nilitoka nikaona wanaume wanapanda kutoka mtoni kwa njia uliyoichora, majembe begani, Marwa mbele. Chacha alikuwa amesimama kituo cha tano. Nikakumbuka yote, nikaogopa. Walipomfikia wakasimama.

"Nilimwambia mdogo wangu njia hii itawaleta mpaka zizini," akasema Chacha.

"Ulimwambia, mzee," akasema Marwa.

"Haya. Mmefika."

Akanyoosha mkono, akampokea Marwa jembe, akatangulia nalo yeye mwenyewe kuwaonyesha pa kuchimba. Walichimba pamoja, wa huku na wa kule, na Marwa alitaka kaburi lako lipimwe kwa pima maji lako. Watu walisema kaburi halipimwi hivyo. Alipima.

Sasa nifike Ijumaa Kuu hii, ndiyo sababu ya barua.

Mahujaji walikuwa wengi, wengine walitoka mpaka Ikoma, wengine walivuka mpaka wa nchi pale Sirari na Kiswahili chao. Mvua ilikuwa imesubiri. Mama alikuja na fimbo, Marwa kamshika mkono. Amezeeka sana mwaka huu. Walipofika cha tano akaketi kwenye benchi lake, na msafara ulipoinuka kwenda cha sita yeye hakuinuka.

"Nendeni juu," akawaambia. "Mimi nimefika."

Nikabaki naye. Nyimbo zilipanda zikazunguka mawe, mara zinasikika karibu, mara mbali, jinsi njia yako inavyokwenda. Nilimletea uji. Alikunywa kidogo, akaweka kibuyu chini, akawa anatazama upande wa nyumba, juu ya ua. Kutoka pale kaburi lako linaonekana vizuri. Hajawahi kulikaribia, hata baada ya kifo chako anakupisha.

"Mkwe wangu alikuwa anakaa wapi jioni?" akaniuliza.

Nikamwonyesha mlango, na hiki kiti chenye waya.

"Basi alikuwa ananiona nikiwa hapa."

"Alikuwa anageuka, Mama."

"Najua," akasema. "Lakini kabla ya kugeuka aliangalia kama nimekaa."

Hili sikulijua, Baba Rhobi. Miaka yote ile nilidhani ulikuwa unazunguka njia ya juu bila kututazama.

Mvua imekatika sasa, na ng'ombe wamenusa majani. Naenda kuwafungulia. Mihogo, kama ulivyosema, imeota kwingine, na mwaka huu ni mizuri. Pumzika pale ulipo, fundi wangu. Huku kuta zako zote zimesimama. Nimebaki na ujumbe mmoja ambao si wangu. Mama alipoondoka, akishikwa mkono na Marwa, alisimama mbele ya ua, akainamisha kichwa kidogo upande wako, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetuma salamu kwa jirani:

"Mwambie nimekaa."

Mkeo,
Mama Rhobi